August Wöhler, mtu aliyeonyesha kwamba hata chuma huchoka

Kila siku mamilioni ya watu duniani wanapanda treni, ndege na magari bila kujua kwamba usalama wao unategemea kazi ya Mjerumani mmoja aliyekufa zaidi ya miaka 100 iliyopita. Anaitwa August Wöhler. Hakugundua mashini kubwa ya kusafiria, wala hakuwa mwanasiasa au jemadari. Alitumia miaka karibu 20 kutafuta jibu la swali moja: kwa nini chuma kizima, chenye nguvu ya kutosha, kinavunjika siku moja kikiwa kimebeba mzigo uleule kilichoubeba jana na juzi?

August Wöhler alizaliwa tarehe 22 mwezi wa sita mwaka wa 1819 katika mji mdogo wa Soltau, kaskazini mwa Ujerumani. Wakati huo Ujerumani haikuwa inchi moja. Ilikuwa imegawanyika katika falme na mitaa mingi, na Soltau ulikuwa chini ya ufalme wa Hannover. Kijana Wöhler alisoma ufundi kwenye shule kubwa ya mji wa Hannover, akaonekana mwanafunzi mwenye akili sana. Kiisha akaenda Berlin kupata mazoezi katika kiwanda cha Borsig, kilichotengeneza mashini za kukokota treni. Alipitia pia Ubelgiji, inchi iliyokuwa mbele katika mambo ya reli, ili ajifunze namna treni zinavyoendeshwa, halafu akarudi kufanya kazi kwenye reli ya Hannover.

Mwaka wa 1847, akiwa na miaka 28 tu, alipewa cheo kikubwa. Aliwekwa kuwa mkubwa wa mashini, mabehewa na karakana za reli iliyounganisha Berlin na Breslau, mji ambao leo unaitwa Wrocław na uko katika inchi ya Poland. Makao yake yalikuwa katika mji wa Frankfurt ulio kando ya mto Oder. Alikaa kwenye kazi hiyo zaidi ya miaka 20, na ni humo alimofanya mambo yaliyomletea sifa.

Ajali iliyotikisa Ulaya

Ili kuelewa kazi yake, inafaa kukumbuka hali ya treni wakati ule. Reli ilikuwa kitu kipya. Watu waliifurahia juu ya mwendo wake, lakini pia waliiogopa. Tarehe 8 mwezi wa tano mwaka wa 1842, treni iliyotoka Versailles kurudi Paris, ikiwa imejaa watu waliotoka kwenye sikukuu, ilipata ajali karibu na Meudon. Ekseli ya mashini ya mbele ilivunjika. Ekseli ni kile chuma kirefu kinachounganisha magurudumu mawili, la kuume na la kushoto. Mashini ikaanguka, mabehewa yakapandana juu yake, moto ukawaka. Abiria wengi hawakuweza kutoka kwa sababu milango ilikuwa imefungwa kwa inje, kama ilivyokuwa desturi. Watu zaidi ya 50 walikufa, na kati yao Jules Dumont d'Urville, nahodha Mfaransa aliyekuwa amezunguka dunia na kufika kwenye barafu za kusini kabisa.

Wachunguzi walipoangalia ile ekseli walishangaa. Haikuonekana kuwa imepindika kabla ya kuvunjika. Ilikatika kama kijiti kikavu, ingawa chuma chenyewe kilikuwa cha aina inayokubali kupindika. Na haikuwa ekseli ya kwanza kufanya hivyo. Katika inchi nyingi za Ulaya ekseli zilikuwa zikivunjika bila onyo, wakati mwingine kwenye njia iliyonyooka, mzigo ukiwa wa kawaida.

Maelezo mengi yalitolewa. Wengine walisema chuma kilikuwa kibaya tangu kiwandani. Wengine waliamini kwamba mtikisiko wa safari unageuza chuma ndani, nyuzi zake zinakuwa punje kama za chumvi, na hapo kinakuwa dhaifu. Imani hiyo ilishika sana kwa sababu mahali palipovunjika palionekana kweli kuwa na punje zinazong'aa. Lakini ilikuwa kosa. Chuma huwa na punje hizo tangu mwanzo, na kuvunjika kunazifunua tu.

Kulikuwa na watu waliokaribia ukweli kabla ya Wöhler. Katika migodi ya milima ya Harz, ndani ya ufalme huohuo wa Hannover, mkubwa mmoja wa migodi aitwaye Wilhelm Albert alikuwa amejaribu minyororo ya kuvutia madini kwa kuivuta na kuilegeza mara maelfu, na mwaka wa 1837 akaandika matokeo yake. Huko Uskoti, injenia William Rankine aliandika mwaka wa 1843 kwamba ekseli huvunjika kwa ufa unaoanza polepole mahali penye kona kali. Lakini hakuna aliyekuwa na hesabu. Hakuna aliyeweza kumwambia mwenye reli mzigo gani ni salama, na kwa muda gani.

Kupima kwanza, kusema baadaye

Katika miaka ya 1850 serkali ya Prussia, iliyosimamia reli hiyo, ilitaka kujua sababu ya ekseli kuvunjika, na kazi ikamwangukia Wöhler. Namna alivyoianza inaonyesha alikuwa mtu wa aina gani. Hakukaa mezani kuandika maoni. Alitaka kwanza kujua ekseli inapata taabu kiasi gani ikiwa njiani.

Alitengeneza chombo kidogo chenye ncha iliyochora mistari juu ya bamba la zinki kila mara ekseli ilipopinda. Akafunga chombo hicho chini ya mabehewa yanayofanya safari za kweli kati ya Berlin na Breslau. Behewa liliporudi, alisoma ile mistari na kupata jibu: ekseli ilipinda kiasi hiki, mara chache ilipinda sana, mara nyingi ilipinda kidogo. Mwaka wa 1858 alianza kuchapisha matokeo hayo. Alikuwa mmoja wa watu wa kwanza kabisa duniani kupima mzigo wa kweli ambao chuma kinaupata kazini, si ule unaodhaniwa.

Vipimo hivyo vilionyesha jambo ambalo leo linaonekana rahisi. Ekseli ya treni imebeba mzigo kutoka juu, kwa hiyo upande mmoja unavutwa na upande mwingine unabanwa. Lakini ekseli inazunguka pamoja na magurudumu. Upande uliovutwa sasa hivi, baada ya nusu ya mzunguko unabanwa, kiisha unavutwa tena. Gurudumu lenye upana wa meta moja linazunguka zaidi ya mara 300 katika kilometa moja. Katika safari ya kilometa 300, kila sehemu ya ekseli imevutwa na kubanwa karibu mara 95 000. Baada ya mwaka mmoja wa kazi, hesabu ni ya mamilioni.

Hapo Wöhler akaelekea kwenye swali lenyewe: je, mzigo mdogo ukirudiwa mara milioni unaweza kuvunja chuma ambacho mzigo huohuo, ukiwekwa mara moja, haukifanyi kitu?

Mashini isiyolala

Ili kujibu, alijenga mashini yake mwenyewe. Kipande cha chuma, kilichochongwa kama ekseli, kilishikwa upande mmoja na kuzungushwa. Upande mwingine kilivutwa na resori iliyopimwa vizuri. Kwa kila mzunguko chuma kilipata kuvutwa na kubanwa, kama kwenye treni. Kifaa cha kuhesabu kiliandika idadi ya mizunguko. Mashini ilizunguka mchana na usiku, juma kwa juma, mpaka chuma kilipovunjika. Ndipo Wöhler alipoweka kipande kingine cha chuma hichohicho, akapunguza mzigo kidogo, na kuanza tena.

Kazi hiyo ilidai uvumilivu wa ajabu. Vipande vingine vilivunjika baada ya siku chache. Vingine vilizunguka miaka. Kuna kipande ambacho alikizungusha zaidi ya mara milioni 100 bila kuvunjika. Alijenga pia mashini nyingine za kuvuta chuma, za kukipinda upande mmoja tu, na za kukisokota, ili ajue kama sheria ni ileile.

Matokeo aliyoyatoa kwa sehemu kati ya mwaka wa 1858 na 1870 yanaweza kufupishwa kwa mambo machache. La kwanza, chuma kinaweza kuvunjwa na mzigo ulio chini sana ya nguvu yake, mradi mzigo huo urudiwe mara za kutosha. La pili, kinachoua chuma zaidi ni tofauti kati ya mzigo wa juu na wa chini, yaani ukubwa wa kupanda na kushuka kwake. Mzigo mkubwa uliotulia unaweza kuwa salama kuliko mzigo mdogo unaokwenda na kurudi. La tatu, kadiri mzigo unavyopungua, chuma kinaishi muda mrefu zaidi, na kwa chuma cha ekseli kuna kiwango ambacho chini yake hakivunjiki hata kizungushwe mara nyingi namna gani.

Aliona pia umuhimu wa umbo. Mahali ambapo ekseli inabadilika ghafla kutoka unene hadi wembamba, kwenye kona kali, ndipo ilipovunjika upesi. Kona ileile ikichongwa kwa mviringo, chuma kiliishi zaidi. Kwa hiyo fundi aliweza kuokoa maisha ya watu bila kuongeza hata kilo moja ya chuma, kwa kulainisha kona tu.

Wazo lake jingine lilikuwa jipya kabisa. Alisema, kwa maana, kwamba kama injenia anajua ekseli itakimbia kilometa ngapi kabla ya kutupwa, na anajua mizigo inayoipata njiani, basi anaweza kuitengeneza ili idumu muda huo bila kuvunjika. Kifaa kikawa na umri unaohesabiwa. Leo ndege nazo zinatumia wazo hilo: sehemu nyingi muhimu zina idadi ya safari au masaa, na zikifika hapo zinatolewa hata kama kwa macho bado zinaonekana nzima.

Sifa iliyokuja polepole

Wöhler hakuwa mtu wa kelele. Aliandika matokeo yake kwa majedwali marefu ya hesabu, bila michoro, katika gazeti la mafundi wa ujenzi. Ilikuwa kazi ngumu kuyasoma. Dunia ya mafundi ilianza kuyaangalia hasa baada ya vipande vyake kuonyeshwa kwenye maonyesho makubwa ya Paris mwaka wa 1867, na waandishi wa Uingereza wakayatangaza. Baadaye watu wengine, akiwemo Ludwig Spangenberg aliyeendeleza majaribio hayo Berlin, waligeuza majedwali kuwa michoro. Ndipo ukazaliwa ule mstari unaoshuka, ambao wanafunzi wa ufundi hadi leo wanauita mstari wa Wöhler: upande mmoja ukubwa wa mzigo, upande mwingine idadi ya mara.

Alipigania jambo jingine pia. Aliona kwamba kiwanda kinachouza chuma hakipaswi kuwa hakimu wa ubora wa chuma chake. Akataka ziwepo nyumba za serkali za kupima vyuma, zisizo na faida katika biashara hiyo, na chuma kipangwe kwa madaraja yanayojulikana na wote. Viwanda vingi havikufurahi. Lakini wazo lilishinda, na leo karibu kila inchi yenye viwanda ina maabara na kanuni za namna hiyo.

Mwishoni mwa miaka ya 1860 aliacha reli na kuongoza kiwanda cha vifaa vya reli Berlin. Baada ya vita kati ya Ufaransa na Prussia, Ujerumani ilichukua jimbo la Alsace na sehemu ya Lorraine, na mwaka wa 1874 Wöhler akapelekwa Strasbourg kuwa mmoja wa wakubwa wa reli za huko. Alistaafu mwaka wa 1889 na kurudi Hannover, mji wa masomo yake. Alikufa hapo tarehe 21 mwezi wa tatu mwaka wa 1914, akiwa na miaka 94, miezi michache tu kabla ya vita vya kwanza vya dunia. Mashini yake moja imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Munich.

Watu wengi humchanganya na Friedrich Wöhler, Mjerumani mwingine, mtaalamu wa kemia, ambaye mwaka wa 1827 alifaulu kutenga alumini. Ni watu wawili tofauti. Lakini majina hayo mawili yalikuja kukutana baadaye kwa njia ya uchungu, kwa sababu ni alumini iliyokumbusha dunia somo la August Wöhler.

Ndege iliyopita Entebbe

Tarehe 2 mwezi wa tano mwaka wa 1952, ndege ya Uingereza aina ya Comet iliondoka London kwenda Johannesburg ikiwa na abiria. Ilikuwa safari ya kwanza ya biashara kwa ndege ya jeti. Njiani ilitua Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe huko Uganda, na Livingstone. Wakaaji wa pande za ziwa Victoria walikuwa kati ya watu wa kwanza duniani kuiona jeti ya abiria ikitua.

Ndege hiyohiyo, tarehe 10 mwezi wa kwanza mwaka wa 1954, ilipasuka hewani karibu na kisiwa cha Elba nchini Italia. Watu wote 35 waliokuwa ndani walikufa. Miezi mitatu baadaye, tarehe 8 mwezi wa nne, Comet nyingine iliangukia baharini kusini mwa Italia na kuua watu 21. Ndege zote za aina hiyo zikasimamishwa.

Wachunguzi wa Uingereza waliweka Comet nzima ndani ya tangi kubwa la maji huko Farnborough. Wakaijaza maji na kuyapunguza, wakiiga hewa inayobana mwili wa ndege kila inapopanda na kushuka. Ilikuwa ni mashini ya Wöhler, ila sasa kipande cha kujaribiwa kilikuwa ndege nzima. Baada ya jumla ya safari 3057, za kweli na za tangi zikihesabiwa pamoja, mwili ulipasuka. Nyufa zilianzia pembeni mwa matundu yaliyokatwa kwenye ngozi ya alumini, mahali ambapo mkazo unakusanyika. Ndege ya Elba ilikuwa imefanya safari 1290 tu.

Alumini ina tatizo lake. Chuma cha ekseli kina kile kiwango cha usalama alichokiona Wöhler, ambacho chini yake hakichoki. Alumini haina kiwango cha wazi namna hiyo. Hata mzigo mdogo, ukirudiwa mara nyingi sana, unaweza mwishowe kuanzisha ufa. Ndiyo maana ndege zinachunguzwa kila mara kwa vifaa vinavyoona nyufa ambazo jicho haliwezi kuziona.

Chuma nacho kikaendelea kutoa funzo. Tarehe 3 mwezi wa sita mwaka wa 1998, treni ya mwendo wa kasi ilipata ajali Eschede, si mbali na Soltau alikozaliwa Wöhler. Ukanda wa chuma unaozunguka gurudumu moja ulikuwa umepata ufa wa uchovu, ukakatika. Watu 101 walikufa. Elimu ilikuwapo kwa zaidi ya miaka 100, lakini ufa haukuonekana kwa wakati.

Kuunganisha bila kuyeyusha

Siku hizi mstari wa Wöhler unatumika sana katika jambo ambalo yeye hakulijua: kuunganisha mabamba ya alumini kwa msuguano. Namna hiyo ilibuniwa mwaka wa 1991 katika taasisi ya TWI, karibu na Cambridge huko Uingereza. Chombo kigumu chenye ncha kinazunguka kwa kasi na kubonyezwa kwenye mpaka wa mabamba mawili. Joto la msuguano linalainisha alumini bila kuiyeyusha, na ncha inaikoroga kama ugali mpaka pande mbili zinakuwa kitu kimoja. Namna hii inatumika katika matangi ya roketi na mabehewa ya treni, kwa mfano yale yanayojengwa na kampuni ya Hitachi ya Japani.

Faida yake inatoka palepale penye hatari. Alumini inapoyeyushwa na kuganda tena, mara nyingi inabaki na vitundu vya hewa na nyufa ndogo, na kila kimoja ni mwanzo wa uchovu. Aina kadhaa za alumini kali za ndege zilikuwa karibu haziwezekani kuunganishwa kwa moto. Kwa kuikoroga bila kuiyeyusha, makosa hayo yanapungua sana, na kwa kawaida kiungo kinaishi muda mrefu kuliko kile cha moto.

Lakini hakiwi sawa na bamba ambalo halijaguswa. Ncha ikiwa fupi mno, chini kabisa pande mbili zinagusana bila kushikana, na hapo ufa unaanza. Chombo kinaacha mistari juu ya uso, nayo inafanya kazi ya zile kona kali za ekseli. Na pembeni mwa kiungo, joto linaifanya alumini kuwa laini zaidi. Kwa hiyo maabara zinakata vipande kupitia kiungo, zinavitikisa mara mamilioni, na kuchora mstari uleule. Kulainisha uso wa kiungo mara nyingi kunaongeza maisha yake, kama Wöhler alivyopata kwa kuchonga kona ya ekseli.

Sheria hiyo haichagui inchi wala bei ya chombo. Inafanya kazi kwenye roketi, na inafanya kazi kwenye chasi ya lori lililopakiwa kupita kiasi au pikipiki inayobeba mizigo kwenye barabara yenye mashimo. Ufa uliofunikwa kwa kuungwa juu tu haujaondoka. Bado uko ndani, na mara nyingi chuma kinakatika tena pembeni mwa kiungo. Dereva anayesema gari lilibeba mzigo huohuo jana bila shida anasema kweli, lakini kila safari imeongeza hesabu.

August Wöhler aliacha mstari mmoja na tabia moja: kupima, kuhesabu, na kutoa kifaa kazini kabla hakijavunjika. Hakuna anayejua idadi ya watu waliofika nyumbani salama kwa sababu ya tabia hiyo, kwa kuwa ajali isiyotokea haiandikwi popote.